Herufi Mbili Zinazokaa Kimya

Embu, Agosti 1955

Njuki wangu,

Kwetu tunapumua, na kunde zimezaa. Naandika Kiswahili ili wasomaji wa huko kambini ulikozuiliwa wasiicheleweshe barua. Nawasalimu wao pia.

Tukitoka kuchimba handaki la lazima kando ya msitu, mwalimu Alice hutufundisha Kiingereza. Juzi alituonyesha g na h. Zikisimama pamoja ndani ya neno, mara nyingi hukaa kimya kama wanawake kwenye baraza la chifu. Night ni usiku. Light ni mwanga. Fight alilifuta kabla hatujauliza maana, kwa sababu homugadi, mlinzi wa serikali, alikuwa dirishani.

Mama yako alipoyasikia alisema Wazungu wanapoteza wino. Nikamwambia kuna laugh, maana yake kucheka, na humo zile mbili hutoa sauti. Tangu lori likuchukue hakuwa amecheka. Siku hiyo alicheka mpaka akashika ukuta.

Neno jingine ni daughter. Ulipochukuliwa nilikuwa sijajua kwamba nina mimba. Baadaye niliogopa kukuandikia, maana handaki liliharibu mimba za wenzangu wawili. Lakini yetu ilishika, na mwezi jana alizaliwa msichana, amenona!

Jina unalijua bila kuambiwa, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Sasa nyumba ina Rwamba wawili. Mkubwa anambeba mdogo mgongoni akimwimbia daughter, g na h akizitamka zote kwa nguvu.

Rudi, Njuki. Kuna mtu hapa asiye na jino hata moja, anangoja umwite mama.

Mkeo,
Wawira