Gobore la Baba

Jumapili, 20 Oktoba

Gari la matangazo limepita tena. Wenye silaha zisizo na kibali wazisalimishe polisi kabla ya mwezi kwisha, hawatashtakiwa wala kuulizwa. Baada ya hapo, sheria. Nimesikia jamani! Mara ya ngapi sasa? Nilikuwa nakaanga maandazi, nikaungua kidole.

Gobore la Baba liko stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, nimelizungushia khanga yangu kuukuu. Nililichukua kijijini Mkange tulipomzika, baada ya Idi. Mume wangu Alawi anasema lipeleke, utatufungisha wote. Baba yake, Mzee Mbaruku, ndiye kazidi. Tunaishi naye humu ndani, miaka sabini na nane, magoti yanamsumbua, lakini kila akirudi kuswali lazima aulize: mwanangu Arafa, lile dude umeshalipeleka? Kila siku! Mpaka nimeanza kumkwepa, Mungu anisamehe.

Silipeleki kwa sababu watalichoma. Na mimi nalipenda. Haya, nimeandika. Mwanamke mzima napenda gobore! Nilipokuwa mdogo Baba alinionyesha kulishindilia — baruti, kitambaa, gololi, kitambaa tena. Risasi moja, basi. Alikuwa akisema wenye risasi nyingi hufyatua kwanza ndipo watazame. Yeye alimvizia nguruwe wa mihogo asubuhi nzima kwa ajili ya mlio mmoja.

Halafu ikaja ile siku. Nilikuwa darasa la tatu. Baba na Mzee Mbaruku walikwenda kuvizia nguruwe, kila mtu na gobore lake. Ukasikika mlio mmoja. Wakarudi wamembeba jirani yetu Hija, amekufa. Watu wakauliza nani. Baba akasema: mimi, nilidhani nguruwe. Wazee wakasema ajali, wakamzika kabla ya magharibi, polisi hata hawakuitwa. Baba akalitundika gobore darini siku hiyohiyo, akakataza mtu kuligusa. Hakuwinda tena. Na mimi nikawa mtoto wa Ishaka muuaji, shuleni, kisimani, kila mahali.

Jumanne, 22 Oktoba

Kaja yule Haidar wa Dar, anayekusanya bunduki za risasi moja. Vibali vyote anavyo, kanionyesha. Dada yake napika naye kantini ya chuo Mbegani, ndiye aliyemtumia picha ya gobore.

Kanawa mikono kabla ya kulishika. Nikampenda hapohapo! Anazo bastola za kizamani za risasi moja, anazo bunduki za kukunja katikati, anazitaja kama wanawe. Nikamuuliza kwa nini asinunue za kisasa. Kacheka. Za kisasa zote sawa, anasema, hizi kila moja ina mkono wa fundi wake. Na porini ukijua huna ya pili hupigi kwa papara. Ukikosa, mnyama kaenda zake na wewe unarudi nyumbani na adabu yako. Kama namsikia Baba! Nikatoka uani nikajifanya natazama chungu.

Niliporudi alikuwa amechomoa mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Kautumbukiza mtutuni, kashika kwa kidole gumba pale ulipokomea, kauchomoa, kaulaza nje ya mtutu kupima. Haukufika mwisho wa mtutu, umepungua. Vidole vinne vizima! Kabadilika uso. Kaugeuzia ukutani mdomo wa mtutu, taratibu. Dada, humu mna baruti na risasi yake. Hili lilishindiliwa, halikufyatuliwa.

Haiwezekani, nikasema. Kapima tena. Vidole vinne.

Kasema lisichokonolewe, lisikae karibu na moto, baruti kavu haizeeki. Lipelekwe hivyohivyo na askari waambiwe. Angependa kuliomba kihalali, lakini kwanza polisi. Nimemsihi asimwambie mtu. Hata Alawi sijamwambia.

Jumatano, 23 Oktoba

Mchuzi wa wanachuo nimeutia chumvi mara mbili. Wamekula kimya, maskini.

Magobore mawili. Mlio mmoja. La Baba limejaa. Nani anasimama kushindilia upya mbele ya maiti?

Sitaki kuandika jina.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimempigia simu Bi Mwanajuma wa Mkange, mjane wa Hija. Shikamoo. Marahaba. Maziko ya Baba hakuja. Nikamuuliza tu siku ile alisikia milio mingapi. Mmoja, kasema, nilikuwa natwanga. Nikauliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na Baba. Na baba yako? Hata! Aligombana na Mbaruku, mpaka wa shamba, wiki ileile walishikana mashati. Ndiyo maana tuliposikia ni Ishaka tukaamini ajali. Angekuwa yule mwingine, nani angeamini?

Nilidhani kamaliza. Kumbe bado. Baba yako alikuwa anakuja kila Idi kuniomba radhi, kasema. Sikumfungulia mlango hata mara moja.

Miaka thelathini na tano ya Idi! Baba na kanzu yake iliyopigwa pasi, anabisha hodi. Nimelia mpaka kichwa kinauma.

Na mimi nani angenioa? Mzee Mbaruku alikuja mwenyewe kuniposea mwanawe. Nilimbusu mikono yote miwili. Baba alikubali, lakini hakuwahi kula chakula nyumbani kwetu hata siku moja. Akija, maji tu. Tulidhani ni tumbo lake.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mwandiko gani huu!

Nimerudi mapema, saa saba, gesi imeisha kantini. Nasikia kitu kinakwaruza uani. Baba mkwe kakaa kwenye kigoda, gobore mapajani, mdomo wa mtutu umemwelekea kifuani! Kashika waya mrefu aliopinda ncha, anachokonoa. Khanga yangu chini. Na jiko la mkaa hatua mbili tu pembeni, bado lina moto!

Nikapiga ukelele. Baba, acha! Acha hapohapo! Kaacha. Jasho linamchuruzika, kwenye kanzu kimeanguka kipande cha kitambaa cheusi. Nikalichukua gobore polepole, pumzi nimeibana, nikalisukuma jiko kwa mguu mpaka kwenye ukuta wa jirani. Kidole cha pili kimeungua. Kasema alitaka kuitoa tu, isije ikamdhuru mtu huko polisi.

Kuitoa nini, Baba?

Risasi, kasema.

Nani kamwambia mna risasi? Mimi sijasema. Haidar hamjui. Mkange nzima inajua lile gobore lilifyatuliwa siku ile, limekaa tupu tangu hapo. Anayejua limejaa ni aliyekuwepo.

Tukatazamana. Naye kaona kwamba nimeona. Kaomba maji, nikampa. Sijui kwa nini nimempa.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimemwambia Alawi yote. Kwanza kacheka. Halafu kanifokea: unataka baba yangu, mzee wa umri ule, leo ndiyo aitwe muuaji? Nikamwambia wangu kaitwa hivyo mpaka tumemfukia. Kisha anasema kwa upole, tulipeleke tu mke wangu, watalichoma, yaishe.

Yaishe! Likichomwa, Baba atabaki muuaji milele. Nisipolipeleka, Ijumaa mimi ndiye mhalifu. Gobore limehamia chini ya kitanda changu. Alawi kalala sebuleni.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimemkuta baba mkwe barazani peke yake, nikakaa chini, nikamuuliza kwa heshima zote. Hakukataa. Anasema baba yako aliwahi kujibu kabla sijafungua mdomo, mimi sikumwomba. Ningesema ni mimi, na ule ugomvi, wangenikata mapanga palepale.

Nikamuuliza: ilikuwa ajali, Baba?

Kavuta tasbihi mpaka mwisho. Kaanza upya.

Nikarudia. Ilikuwa ajali? Kaniambia kesho nitakwenda polisi na wewe, usinizuie.

Nimempigia Bi Mwanajuma. Nimemwambia njoo kituo cha polisi hapa kwetu asubuhi, kuna kitu ukione kwa macho yako. Hakuuliza ni nini.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika juu ya goti, kwenye benchi la kituo. Tumekuja kwa bajaji, mimi, mzee, na gobore katikati yetu kwenye mkeka. Alawi hakuja. Bi Mwanajuma tumemkuta, kaondoka Mkange alfajiri. Kamwitikia mzee salamu yake, kamwitikia vizuri tu, hajui.

Nimewaambia mlangoni kwamba limejaa. Askari, binti mdogo wa rika la mwanangu, kalilaza juu ya ndoo ya mchanga. Kachukua mdeki, kaingiza, kachomoa, kapima nje. Kile kitambaa kilitoka, risasi bado. Umepungua! Kasema kwa sauti: kweli, halijafyatuliwa hili. Bi Mwanajuma kanyanyua kichwa. Kautazama mdeki, kanitazama mimi. Midomo inamcheza, anahesabu kama nilivyohesabu mimi.

Walisema hatutaulizwa. Lakini fomu ina mistari yake. Aina, gobore. Mmiliki, Ishaka, marehemu. Lilifyatuliwa lini mara ya mwisho? Kalamu inasubiri. Kauliza tena: mama, lini?

Nataka kusimama. Baba mkwe kanikandamiza bega kwa mkono wake, mzito kumbe! Kaa, mwanangu. Anainuka, fimbo inateleza kwenye saruji, hakuna anayemsaidia. Kamgeukia Bi Mwanajuma, si askari.

Mimi, kasema.

Askari kamtazama. Wewe nini, mzee?