Kobe wa Baba kwenye Baridi ya Ibaba

Ibaba, Ileje
Septemba, 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kikomeni, penye moto wako wa jioni, goti limeacha kuuma, na Mama hana sababu ya kukugombeza. Huko bondeni ng'ombe bado wanapata maji? Mwanao ni mzima, isipokuwa baridi. Huku kwao mume wangu Ambakisye baridi si ugonjwa, ingawa mimi ningeihesabu. Unafua shuka Jumatatu, ukilianua Alhamisi bado linalia machozi.

Najua kabla hujaniulizia mimi utamuulizia kobe. Basi nianze na yeye, maana habari yangu yote imo humo.

Siku ninaondoka ulimweka Ngosha kwenye kikapu ukasema ng'ombe huwezi kunipa nikamswaga mpaka milimani, lakini kobe wa zizi letu nimchukue. Ukaniusia nisimlaze na watu. Kobe hulala na ng'ombe, ndipo mifugo inatulia. Nami nimekua nikiliona hilo. Kwetu zizi ni miiba na mbingu, na kobe huzunguka miguuni mwa ng'ombe wala hakuna anayemkanyaga. Kwa hiyo nilipofika nilimjengea ua mdogo wa mianzi nyuma ya nyumba, nikamwacha nje kama ulivyoagiza.

Mwezi wa sita ukungu ulishuka ukakaa. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Ngosha akaacha kula. Nikampelekea majani ya maboga, akayatazama tu, na mwishowe hata kutazama akaacha. Kichwa ndani, miguu ndani. Nikasema nimwashie moto wa kinyesi cha ng'ombe kama wa kikome chetu. Baba, huku kinyesi hakikauki. Nilipuliza mpaka macho yakavimba, nikaambulia moshi, na majirani wakapita wakicheka kwamba mkamwana wa bondeni anapika mavi. Mume wangu, maskini, alikuwa ameninunulia sweta la mtumba Tunduma alikopeleka viazi. Akaniambia kobe naye nimwingize ndani yaishe. Nikakataa. Nikamwambia neno la baba yangu silivunji kwa sababu ya umande.

Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua ya kuomba mnirudishe nyumbani. Nilisingizia hali ya hewa tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiapiza: kobe akifa, hapa si pangu. Nilikuwa mpweke, Baba. Mama mkwe si msemaji, nami nilidhani ukimya wake ni kunikataa.

Asubuhi moja nikamkuta amechuchumaa kwenye ule ua, Ngosha yuko mapajani mwake, amemfunika kwa kitenge chake. Akaniuliza kwa nini namtesa mnyama wa watu. Nikamweleza maagizo yako yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwenu ng'ombe wanalala wapi?"

"Nje, zizini."

"Na hapa?"

Nikageuka kuitazama nyumba. Hapa ng'ombe wanalala ndani, Baba, chini ya paa letu sisi. Kinachowatenga na jiko ni ukuta wa mianzi, na joto lao na la mafiga ni moja. Kila siku nawakamua humo humo, na wazo hilo halikunijia.

"Baba yako alisema alale na ng'ombe," akasema. "Hakusema alale na baridi."

Akamwingiza mwenyewe. Akamtandikia nyasi kavu kwenye kona, akazungushia mianzi ili ndama asimkanyage. Mimi nilitaka kumsogeza jirani kabisa na moto, akanizuia, akasema aliyeganda hachomwi, hupashwa taratibu. Tukawa tunamwogesha kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yeye akimshika, mimi nikimmwagia. Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, midomo ikapata nafasi. Akanisimulia kwamba yeye pia alitolewa mbali, ng'ambo ya mto, na mwaka wake wa kwanza hapa aliumaliza kwa kulia.

Ngosha aliendelea kulala, nami kila nikienda kukamua naogopa kumgusa. Mpaka siku moja jua likatoka vizuri. Mama mkwe akambeba nje, akamweka juu ya gunia. Tukakaa. Kikatoka kichwa, pole pole, kisha akang'ata jani la kunde mkononi mwa Mama mkwe. Yule mama asiyecheka alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nililia, na sioni aibu kukuambia.

Siku hizi ukungu ukipanda anatoka kuota jua, ukirudi na yeye anarudi kwa ng'ombe wake. Kama nimepindisha neno lako niambie, lakini nadhani ungeiona ile kona usingekuwa na la kusema.

Mpe Mama shikamoo nyingi. Mbegu za viazi nimempa mnunuzi wa mchele anayepitia Mlowo, amletee Mama azipande mahali penye kivuli. Bibi mwambie bado nafunga kilemba kama alivyonifundisha. Mdogo wangu Holo asome, asikimbilie kuolewa milimani kabla hajanunua soksi.

Na kaka Masanja, uliyeahidi kumtuma aje kunichukua baada ya mavuno, mwambie aje. Lakini aje kunitembelea, kisha arudi peke yake.

Mwanao akupendaye,
Kabula