Furushi Nililolifunga Upya Njiani

Mama yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa na aibu, tena cheko limenibana, na sababu ya vyote viwili ni furushi lako.

Unakumbuka harusi ya kaka? Ulitia ndani ya leso vifurushi vitatu, karatasi moja, ukubwa mmoja: cha juu cha mama wa bibi harusi, cha kati cha somo, yule kungwi wa bibi harusi, cha chini cha bibi harusi mwenyewe. Nikakusihi uandike majina. "Usinfundishe mie kufunga furushi," ukanijibu. "Waambie mpangilio, basi."

Nikalipeleka Majengo, kwao bibi harusi, nikawatajia mpangilio. Mama wa watu akafungua chake mbele ya wageni, akainua gauni la kulalia jembamba kama ganda la kitunguu. Bibi harusi akapata tambuu na popoo. Somo peke yake ndiye aliyepata chake. Ukaapa kwamba Majengo hawajui kufungua, wao wakaapa umewatusi, na hamkupelekeana hata futari mpaka mjukuu alipozaliwa.

Siku hizi naandika mikataba ya kompyuta, ile inayojitekeleza yenyewe, na ikishatolewa ni taabu kuibadilisha. Huu wa sasa ni wa makasha ya bandari ya Kilindini, nao hupokea majina matatu: mwenye mzigo, wakala, mkaguzi. Mwenzangu Rehema alitaka kila jina lipite peke yake, mahali pake palipoandikwa. Mimi, mwana wa mama yangu, nikashikilia tuyafunge pamoja, yeye ayafungue upande wa pili kwa mpangilio. Juzi tukaujaribu. Mkaguzi akawa mwenye kasha la mitumba, na mwenye mzigo akaamriwa akalikague! Kompyuta haikuguna, maana kwake majina yote yana umbo moja.

Mkubwa wetu akamgeukia Rehema, aliyeandika upande wa kufungua, akataka kumtoa kwenye kazi hiyo. Nilitaka nimwachie lawama, Mama, wallahi nilitaka. Kisha nikasema, "Ni mimi niliyefunga kinyume." Sasa kila jina linapita peke yake.

Na lile la Majengo pia ni mimi. Leso ilifunguka njiani, nikaifunga upya bila kuangalia juu wala chini. Nilijua gauni lilipoinuliwa, nikakuacha ubishane miaka yote na haki ni yako. Nisamehe. Nimekukosea mno.

Kesho namwendea yule mama wa Majengo nimwambie. Nitamwomba anizabe makofi mawili, moja lako.

Lala salama, Mama.

Kitinda mimba wako