Ufa wa kile kioo

Mukiri, shika simu. Nimetoka darasani saa hii.

Leo tulikuwa tunawasilisha mipango ya biashara, darasa lote la sayansi ya michezo. Jaji alikuwa Muthamia, yule mzee mwenye maduka huko mjini Maua.

Muchangi akaanza na akademia yake ya mpira. Akaulizwa atafungua matawi mangapi.

Mimi na chumba changu cha mazoezi cha wanawake nimeulizwa nitakuwa nafunga saa ngapi. Saa ngapi, Mukiri. Na nani atanisindikiza nyumbani. Wasichana wote wanne tumeulizwa hivyo. Wavulana hakuna hata mmoja.

Nikamwambia nimeweka kufuli mpya pale tulipokodi.

Akatabasamu. "Najua. Hiyo nyumba ni yangu."

Sisi tulijua keateka tu, yule mwangalizi wa nyumba. Yule aliyeomba abaki na ufunguo mmoja wa hiyo kufuli mpya, tukampa.

Darasa likacheka. Mwalimu akasema nina bahati, akaandika Muthamia ndiye atanilea kwa biashara muhula wote. Atakuwa anakuja kila Ijumaa, na bila sahihi yake sipiti.

Nikitoka akanifuata mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Badilisha kile kioo kikubwa. Kina ufa."

Mukiri, kile kioo kilipasuka Jumapili tukikipandisha ngazi, mimi na wewe tu. Na tulikiacha kimeangalia ukuta.

Nimefika hapa kwenye chumba cha mazoezi sasa. Kufuli iko sawa.

Kioo kimegeuzwa.