Kifua cha Kulwa Kilikuwa Changu

Machimboni, Geita
Juni 1996

Mama Kulwa, mke wangu,

Salamu nyingi. Sijui kama bado unataka kusikia habari zangu, ila mimi nina hamu na zako. Doto amekua? Mimi nahema, nashukuru.

Mwezi uliopita mafua yalipita kambini. Wenzangu tunaochimba duara moja walipiga chafya siku tatu wakarudi shimoni. Mimi kifua kilibana, kikalia filimbi kama cha marehemu Kulwa wetu, wakanibeba hadi zahanati. Baada ya sindano daktari akauliza, "Utotoni ulikuwa hivi?" Nikakubali. "Na kwenu nani mwingine?" Nikamtaja marehemu baba.

Nikamweleza kwamba pacha wetu, wasiofanana sura, walilala kitanda kimoja, wakashikwa na mafua siku moja, Doto akapona, Kulwa tukamzika. Akasema, "Bwana, pacha wasiofanana ni kama ndugu wengine tu. Kila mmoja huchukua lake kwa baba na mama. Huyo alirithi pumu, mafua yakaiamsha. Hakurogwa."

Nililia mbele za watu, mke wangu. Nilikuficha kifua changu tangu uchumba, nikiogopa wazee wenu wangekukataza. Halafu msibani nikauliza kwa sauti, watoto wa tumbo moja, kwa nini afe yule tu aliyekuwa akibebwa na bibi yake? Mama yako, mkwe ambaye hata kumtazama usoni ni mwiko kwangu, nikamnyooshea kidole. Nikasema ana macho mekundu ya mchawi, nami najua ni moshi wa jikoni. Neno lile lilifika kwenu Kharumwa kabla hujarudi huko na mama yako. Vikongwe huko wanakatwa mapanga kwa neno dogo kuliko hilo.

Jumapili ijayo nakuja. Nitasimama mbele ya balozi wa nyumba kumi na majirani wote niseme nilimsingizia. Mpaka hapo asilale peke yake, nakusihi. Akikataa kuniona, ni haki yake.

Mpe baba mkwe shikamoo yangu, na shemeji mdogo anayewalimia namsalimu. Doto akipata mafua, tega sikio kifuani mwake. Kikilia, mkimbize hospitali.

Na mama umwambie hivi: Kulwa alikata roho mikononi mwa mtu aliyempenda. Asiyekuwepo ni mimi.

Niliyekukosea,
Baba Kulwa