Seli Zilizoachia

4 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na kama unaumwa basi ni ule ujuaji wako wa kila siku. Shangazi ametoka salama kwenye upasuaji. Titi la kushoto halipo tena, na tayari anawafokea wauguzi kwa kupindisha shuka, kama alivyokuwa akitufokea sisi alipotulea.

Amekubali kipande cha uvimbe wa saratani kije maabara kwangu. Nitazipanda seli zake juu ya kioo, nizipitishie maji kwa nguvu inayozidi, nipime zinavyoshikilia. Zitakazobaki ndizo nitakazosoma, nieleze saratani inavyosafiri mwilini. Nakuandikia kwa sababu ameniamuru. Mimi sioni linakuhusu nini.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, asante kwa kunijulia hali kwa matusi.

Ombi moja tu. Maji yanayotokea upande wa pili yana seli zilizoachia kioo. Usiyamwage. Yaweke kwenye barafu unitumie, maana hapa maabara kwetu tunazisoma seli mojamoja. Zinazong'ang'ania titini si tatizo kubwa. Zinazoua ni zile zinazoachia zikaenda kuanza maisha kwingine. Wewe unawahoji waliobaki nyumbani, halafu unaandika habari za safari. Kipande ni hicho hicho, hakuna kingine.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yako imenichekesha hadi chai ikanipalia. Zinazoachia ni mizoga! Seli iliyokufa haishiki kitu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Nilikuwa naongoza maabara hii wakati wewe bado unalia ukiona sindano, leo unataka kunifundisha kuosha kioo?

Maji yako ya thamani yamekwenda kwenye sinki, nikafungulia na bomba. Vipimo vimetoka vizuri mno. Shangazi anakusalimu.

Kaka yako

26 Machi

Kaka,

Shikamoo. Afya ninayo, subira ndiyo imeniishia.

Ulijuaje zimekufa? Rangi ya kutenganisha seli hai na mfu ipo kwenye kabati la kila maabara, unatia tone tu. Hukutia, kwa sababu mtu mkubwa kama wewe hakagui, anatangaza. Sikusema ningemponya Shangazi. Nilitaka alichokitoa kisiishie kwenye bomba la maji machafu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la maana.

Mdogo wako

17 Novemba

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mimi mzima. Nasikia Shangazi umemchukua kwako kwa sababu ya mgongo. Ni uzee tu, usimtie hofu.

Sasa la maana. Makala yangu ya vipimo vile imerudishwa na jarida. Wakaguzi, watu wasio na hata ujasiri wa kutaja majina yao, wanauliza kama seli zilizoachia zilikuwa hai. Nimetia rangi kwenye sampuli ya mgonjwa mwingine. Nyingi zilikuwa hai. Usishangilie. Niandikie aya mbili za kuwafunga midomo, na jina lako nitalichomeka mwishoni mwa orodha ya waandishi.

Kaka yako

24 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Aya zako waandikie mwenyewe.

Mgongo si uzee. Picha zimeonyesha saratani imeingia kwenye pingili za uti wa mgongo, na daktari hazungumzii tena kupona.

Jana alinifokea kuhusu mto, kisha akaniuliza, "Kile kipande changu, kaka yako aliona nini ndani yake?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza. Si kwa kukuonea huruma. Nakudharau, na sijawahi kukudharau hivi. Lakini wewe ndiye uliyemwomba kile kipande, na ni wewe aliyekupa. Nimemwambia utakuja kumweleza mwenyewe.

Amefurahi. Amenitaka nimvalishe gauni lake zuri, eti profesa asimkute ovyo. Tangu asubuhi amekaa kitandani, na kila gari linalopita ananiuliza kama ni lako.

Mdogo wako