Kwa Glenys Outhwaite, Aliyejibebesha Mguu wa Ellis

Mwaka umekatika, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoinama kufunga kiatu usiweze kuinuka tena. Ulikaa hospitali siku nne, ya tano ukatuacha. Baba bado anachemsha maji ya chai ya watu wawili. Nikimwambia, ananijibu, "Nani kakuuliza?" Basi namwacha.

Hapa Calderfield ni wachache waliolijua jina lako lote. Ulikuwa Bi Glen wa wachezaji. Kwa miaka kumi na minne klabu ilikuletea vijana wa akademia, wa miaka kumi na sita, kumi na saba, waliotoka kwao mbali kuja kujifunza kazi ya mpira. Walilala chumba cha juu na kula mezani kwako. Walipita saba, na wote uliwafokea sawasawa. "Matope hayo yanaingia nyumbani kwa nani?" Lile jitu la futi sita na ushee kutoka Sunderland lilivua viatu mlangoni huku linaomba radhi.

Mpira wenyewe hukuujua, tuseme ukweli. Baba alikueleza maana ya kuotea kwa kupanga chupa za siki na chumvi mezani mpaka akakata tamaa. Ulichokijua wewe ni watoto. Ulijua nani anafungulia maji bafuni ili asisikike akilia, nani hajampigia mama yake simu wiki nzima, na nani anasema ameshiba ilhali hajashiba.

Wa saba alikuwa Ellis Pargeter kutoka Lowestoft, mwembamba, masikio kama vipini vya kikombe. Jumapili yake ya kwanza alimwaga bakuli zima la mchuzi wa nyama kwenye zulia lako jipya. Akasimama amekauka. "Samahani sana, Bi Outhwaite." Ukamtazama, ukalitazama zulia. "Niite Glen," ukamwambia, "na ulete kitambaa kabla sijakuua." Tangu siku hiyo akawa anakuoshea vyombo bila kuambiwa, jambo ambalo mimi na ndugu yangu Howard hatukuwahi kukufanyia kwa hiari, na hilo ulitukumbusha kila tulipokuja.

Kwenye friji ulibandika karatasi ya klabu yenye masharti ya walezi. Walale saa nne. Vya kukaanga wasile, sharti ambalo ulilivunja kila Ijumaa. Na la mwisho, kwa wino mwekundu: kijana akiumia, hata kidogo, mlezi apige simu klabuni siku hiyohiyo.

Leo, Mama, tunataka kuzungumza nawe kuhusu hilo la mwisho.

Ilikuwa Februari, mwaka wa pili wa Ellis. Jumatatu iliyokuwa inakuja, vijana wangeitwa ofisini mmoja mmoja waambiwe nani anapewa mkataba wa kulipwa na nani anafunga virago. Jumamosi kabla yake kulikuwa na mechi, na kocha wa kikosi cha kwanza mwenyewe angekuja kuwatazama. Jumatano Ellis alirudi kutoka mazoezini ukamwona anapanda ngazi kiubavuubavu.

"Hebu simama hapo. Huo mguu vipi?"

"Hauumi, Bi Glen."

"Nimekuuliza vipi, sijakuuliza kama unauma."

Ulikuwa msuli wa nyuma ya paja. Ulimlaza kwenye kochi, ukamwekea mfuko wa njegere za kwenye friza badala ya barafu, ukaenda kuchukua simu. Akakushika mkono. "Nakuomba. Ukipiga wataniweka nje Jumamosi, na Jumatatu watanisahau. Nilianza kukimbilia hii siku nikiwa na miaka saba." Ulisimama na simu mkononi, wewe uliyeniambia mara ngapi kwamba anayekuficha ugonjwa wake hakupendi. Ukairudisha simu mahali pake.

Jumamosi, dakika ya ishirini na mbili, akaufukuza mpira mrefu wa pembeni, akashika paja, akaanguka. Msuli ulikuwa umekatika. Jumatatu alikwenda ofisini kwa magongo, wakamshukuru, wakamtakia kila la heri.

Usiku na mchana hukumzungumzia mtu mwingine. Mama yake alipokuja na gari kumchukua, ulimpokea mlangoni, ukamwambia mtoto haendi popote, kitanda chake kiko palepale na atapona hapahapa. Yule mama alikuwa muuguzi wa zamu, peke yake, na wadogo wawili nyumbani. Alikaa jikoni kwako akalia, kisha akakubali.

Hapo ndipo ulipoanza ile kazi yako ya pili. Ellis alipopona alipata timu Skelby, daraja la saba, uwanja wenye mteremko kiasi kwamba kipindi kimoja unapanda na kingine unashuka. Mchana alifanya kazi kwenye duka la mazulia la Baba, na Jumanne na Alhamisi ulimpeleka mazoezini, maana mtihani wa kuendesha gari alikuwa ameshafeli mara tatu. Ulikaa ndani ya gari na chupa ya chai na mafumbo ya gazeti mpaka wamalize. Mvua, theluji, wewe upo. Howard alikuambia, "Mama, huyu ni mtu mzima, apande basi." Ukamjibu, "Wewe ulipanda basi lini?"

Watu walidhani ni huruma tu. Mimi nilijua ni zaidi ya hapo, maana uliniambia tukiwa tunamenya viazi, bila kunitazama. "Ule mguu ni mimi, Rosalind. Ningepiga simu angekuwa na mkataba wake." Nikakuambia acha mambo hayo. Ukachukua kiazi kingine, na hukuacha.

Msimu wa pili pale Skelby alifunga mabao kumi na tisa. Timu ya daraja la nne ikamwita, akasaini, ukanunua kofia mpya kwa ajili ya kwenda kumwona akikaa benchi. Februari mwaka jana wakamwingiza dakika kumi na moja za mwisho. Aligusa mpira mara nne, ulihesabu. Wiki tano baadaye ukaanguka. Na siku ya pili hospitali, ulimi umeshakuwa mzito, ulinivuta mkono ukasema maneno matatu: "Mguu wa Ellis." Nikakuambia pumzika. Najuta kwamba sikukujibu vizuri zaidi ya hapo.

Sasa sikiliza, Mama.

Jumapili moja mwezi uliopita Ellis alikuja kula. Baba akawa anapanga habari za kumbukumbu hii ya gazetini, akasema, "Maskini Glen, alikufa bado anajilaumu kwa ule mguu." Ellis akaweka uma chini. Masikio yale yote yakawa mekundu.

"Anajilaumu nini?"

"Si hakupiga simu."

"Lakini klabu walijua," akasema. "Niliwaambia mwenyewe. Ijumaa asubuhi roho ilinisuta, nikamwambia mtaalamu wa viungo wa klabu. Akaminyaminya, akanifunga bandeji, akaniuliza nataka kucheza au sitaki. Nikasema nataka."

Mama, nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo gazeti halitayachapa. "Miaka mitatu! Ulimwona anajitesa miaka mitatu, ukapanda gari lake, ukanywa chai yake, ukanyamaza?"

Alilia bila kujificha, kijana wa miaka ishirini na moja. "Alikuwa ananiomba radhi kila mara, nikawa nataka kumwambia. Nikaogopa. Klabu ilikuwa imenitema. Nilidhani ananiweka hapa kwa sababu ya lile kosa. Nikimwambia hana kosa, mimi ni nani kwake? Mpangaji tu asiye na timu."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye mapipa ya taka mpaka hasira ikapungua. Niliporudi Baba alikuwa amemshika bega.

"Mjinga mmoja wewe," alikuwa anamwambia. "Krismasi, miezi miwili kabla hujaumia, Glen aliniambia hivi: 'Cliff, hata wakimkata huyu, haondoki.' Nikamuuliza kwa nini, mbona wengine sita tuliwaaga vizuri tu? Akasema hajui, ila huyu haondoki. Mguu ulikuwa haujaingia kwenye habari hizo hata kidogo."

Ellis akauliza, "Mbona hakuniambia?"

"Kwani wewe ulimwambia?" Baba akamjibu.

Basi ndivyo mlivyoishi, Mama, nyumba moja, meza moja, wewe ukiamini umemharibia maisha, yeye akiamini unamlipa fidia, na hakuna aliyefungua kinywa. Mkapeana chai. Nimewakasirikia wote wawili, na sasa imenitoka.

Kwa hiyo tunakuambia hadharani, mbele ya mji mzima wenye gazeti hili mezani: si wewe uliyeuharibu ule mguu. Hukumpotezea chochote yule mtoto. Nilikuwa na nafasi ya kukuambia ukiwa hai, ila sikuwa na habari zenyewe. Lala, Mama.

Unakumbukwa na mume wako Clifford. Wanao Howard na Rosalind. Mjukuu wako Bryony, anayeanza kufoka kama wewe. Dada yako Enid. Na Ellis. Nilimuuliza tuandike nini mbele ya jina lake, akasema tuache wazi, yeye si wa damu. Baba akaninyang'anya kalamu akaandika mwenyewe: mwanao Ellis.

Hutatutoka moyoni, Mama, maadamu mmoja wetu yu hai.